*Ramadhani 18: Paka Aliyeacha Kutuzunguka*



Darsa la leo linamhusu kiumbe ambaye huenda hivi sasa amelala chini ya kiti chako: paka mzee.

Usicheke kwanza. Mwangalie vizuri. Zamani alikuwa akiruka kutoka sakafuni mpaka dirishani mara moja, na panya wa stoo walimjua. Leo anafika penye kiti, anatazama juu, anasitasita, kisha anajilaza palepale chini. Ana miaka 12, 13, labda 15. Na maneno yameshaanza nyumbani: "Huyu hana kazi tena." "Anakojoa ovyo, na sisi tunasali humu." Halafu linakuja lile la mwisho: "Mtie kwenye kiroba umpeleke sokoni. Kule kuna vichwa vya samaki, atajitafutia."

Tusimame hapo kwenye neno *atajitafutia*.

*1. Atajitafutia kwa miguu ipi?*

Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Imo katika Bukhari na Muslim. Wengi tunaikumbuka kwa ufupi tu, kwamba alimnyima chakula. Lakini kosa lake limetajwa kwa pande mbili: alimfungia asimlishe, na wala hakumwachia akale wadudu wa ardhini. Maana yake alikuwa na njia mbili za kusalimika. Ama amlishe, ama amwache atoke akajitafutie.

Sasa mpime paka wako mzee. Hakuna kamba shingoni, hakuna mlango uliofungwa. Lakini nyonga, magoti na uti wa mgongo vimeshikwa na baridi yabisi. Umri ndio uliomfungia. Hata ukimwachia mlango wazi usiku kucha, mjusi hamkamati. Na huko sokoni atakutana na paka vijana, mbwa na pikipiki. Basi ile njia ya pili imeshaziba, imebaki moja tu: kumlisha na kumtunza. Anayemtia kwenye kiroba anadhani amemwacha huru, kumbe amembadilishia kifungo tu.

*2. Alitakiwa kuzunguka, sasa zunguka wewe*

Sahaba Abu Qatada alimiminiwa maji ya udhu na mkwe wake, Kabsha. Akaja paka anataka kunywa. Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha akawa anatazama kwa mshangao, ndipo mzee akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengine.

Wanachuoni wametoa humo hukumu ya tohara, na ni sawa. Sisi leo tuchukue na kile kitendo: *chombo kiliinamishwa*. Mzee wa watu hakungoja paka apande kwenye chombo. Alikishusha chombo kwa paka.

Paka amekuzunguka miaka yote hiyo, miguuni jikoni na mlangoni ukirudi kazini. Leo hawezi tena. Zamu ya kuzunguka ni yako.

*3. Utajuaje kama anaumia?*

Paka huficha maumivu. Mara nyingi halii, na wala hachechemei waziwazi. Angalia haya:

- Anasita kabla ya kuruka, au anapanda kwa kituo: kigoda kwanza, kisha kiti.
- Manyoya ya mgongoni na kiunoni yanashikana mafundo, kwa sababu hawezi tena kujipinda ajilambe.
- Kucha zimekuwa ndefu, zinanasa kwenye mkeka, au zinajikunja kuingia kwenye nyama ya unyayo.
- Anakojoa pembeni ya chombo chake cha mchanga.
- Alikuwa mpole, sasa anang'aka ukimshika kiunoni.

Watu huona haya wakasema "uzee tu". Uzee si ugonjwa, maumivu ndiyo ugonjwa, na yana tiba. Daktari wa mifugo anaweza kumsaidia. Mwambie pia kama paka anakunywa maji kuliko kawaida, au anakonda ingawa anakula. Figo huwasumbua sana paka wazee.

*4. Kuinamisha chombo nyumbani*

- *Chakula na maji* viwe karibu na anapolala, visiwe juu ya meza. Weka bakuli juu ya kibao kifupi ili asiinamishe sana shingo. Maji yawepo saa zote. Wewe umefunga, yeye hakufunga.
- *Choo:* chukua beseni pana, kata upande mmoja uwe chini sana ili aingie bila kuruka. Mara nyingi huyo unayesema "anakojoa ovyo" ameshindwa tu na ukuta wa beseni.
- *Kitanda:* kanga kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, au blanketi, mbali na upepo na saruji baridi.
- *Sakafu:* marumaru huteleza. Tandika mkeka au kipande cha zulia kwenye njia yake.
- *Mwili:* mchane taratibu, na umkate ncha za kucha kila baada ya wiki chache. Ukiogopa, mwombe daktari akuonyeshe.

Na makombo ya futari je? Angalia. Vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwa paka, hata vikiwa vimepikwa. Basi nyama ya sambusa, katlesi na mchuzi si chakula chake. Mtengee kipande cha samaki au kuku *kabla* hujatia viungo, umchambulie miiba na mifupa. Maziwa pia huwaharisha paka wengi wakubwa, na mwenye miguu mibovu akiharisha ni taabu juu ya taabu.

*5. Usimuue kwa huruma*

Hili naomba tulishike sana, jamani. *Usimpe paka Panadol.* Hata kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua, maana ini lake haliwezi kuisafisha dawa hiyo kama letu. Vilevile usimpe diclofenac, ibuprofen wala aspirini za nyumbani. Dawa yake aitoe daktari wa mifugo.

Na mambo mawili hayangoji kesho. La kwanza, miguu ya nyuma kulegea ghafla, ikawa ya baridi, huku analia: huenda damu imeganda na kuziba mshipa. La pili, kupitisha siku nzima bila kula. Mpeleke haraka.

Ikifika mahali daktari anasema hakuna tena la kufanya, kaa naye, na umuulize na shekhe wako. Usiamue jambo kama hilo siku umechoka au umekasirika.

*6. "Lakini tunasali humu"*

Ni kweli, mate ya paka ni tohara, lakini mkojo wake ni najisi. Hilo halina ubishi kwetu. Ila najisi dawa yake ni maji: ondoa uchafu wenyewe, osha mpaka rangi, harufu na ladha viondoke, kisha sali. Mtengee kitambaa chake na pembe yake, mbali na msala. Na ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe ikichanganywa na maji, usiipige anapolala, kwani nyingi zina sumu inayomdhuru paka akijilamba.

Dini imetufundisha kuosha. Haikutufundisha kumtupa kiumbe ili tupunguze kazi ya kuosha.

*Kazi ya leo*

Kabla ya adhana ya Magharibi, fanya moja tu: shusha bakuli la maji, au kata lile beseni, au tandika kitambaa. Mwite mtoto afanye pamoja nawe. Watoto wanatazama jinsi nyumba inavyomtendea aliyeishiwa nguvu, na iko siku sisi ndio tutakaokuwa tumekaa chini tukitazama kiti.

Kama huna paka, huenda jirani yako bibi mzee anaye, na hawezi kuinama kumsafishia. Gonga hodi.

Tumefundishwa kuwa kila kiumbe hai tukimtendea wema tuna malipo. Yule mtu wa kisima alisamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, kwa kiatu tu alichoteka nacho maji. Sisi tuna bomba na bakuli.

Ewe Mola wetu, tupe huruma kwa wasioweza kusema, na utujaalie wa kutuinamishia chombo siku tutakaposhindwa kuinuka. Aamin.

Mtumie na mwenzako. Tukutane kesho baada ya Alfajiri, in shaa Allah.