SOMO LA KILIMO: KAROTI KATIKA TUTA LA KUINULIWA

Wananchi na watumishi wa Serikali wenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba, hasa wanaoishi katika ardhi ya maweni, wanapewa somo hili ili walifanyie kazi katika msimu wa kipupwe. Karoti nyingi zinazoliwa Unguja na Pemba huvuka bahari kutoka Tanzania Bara, zikiwemo zile za milima ya Usambara huko Lushoto, na gharama ya safari hiyo humo ndani ya bei anayoilipa mnunuzi sokoni. Wapo wasemao kwamba zao hili haliwezi kustawi Visiwani. Kauli hiyo ni kweli kwa nusu tu. Karoti hupenda baridi, na ya Visiwani haitarajiwi kuwa ndefu wala kukolea rangi kama ya mlimani. Lakini karoti fupi, nene na tamu hupatikana, iwapo mkulima atachagua mbegu na wakati, na akautengeneza udongo kabla ya kuisia mbegu.

Sehemu iliwayo ya karoti ni mzizi, na mzizi huo hujichagulia umbo lake mapema. Katika wiki za mwanzo hushuka chini moja kwa moja ukiwa mwembamba kama uzi, kisha ndipo hunenepa. Ukikutana na jiwe, kipande cha mti au tabaka gumu, hugawanyika mapanda au hupinda, na hakuna mbolea itakayounyoosha baadaye. Kwa sababu hiyo mkulima wa Makunduchi, Paje au Micheweni, ambaye udongo wake umo katika vishimo vya mawe ya matumbawe, hana budi kuujenga udongo juu ya ardhi. Mwenye udongo wa kinamo naye ana shida yake, kwani hutuamisha maji wakati wa mvua na hukauka ukawa mgumu wakati wa jua.

Tuta la kutosha familia huwa na upana wa mita 1, urefu wa mita 3 na kimo kisichopungua sentimita 30. Kingo zaweza kuwa za mawe, matofali au vigogo vya minazi. Ndani yake utiwe udongo mwepesi uliochekechwa, uliochanganywa na mboji au samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi isitumike kabisa, kwa kuwa husababisha mizizi kugawanyika na majani kuwa mengi kuliko karoti. Mchanga wa pwani nao usitumike, wala maji ya kisima yenye ladha ya chumvi, maana karoti ni miongoni mwa mboga zisizostahimili chumvi. Jivu, ambalo wakulima wengi hulipenda, halifai kuongezwa penye udongo wa matumbawe. Udongo huo tayari una chokaa nyingi.

Wakati mzuri wa kusia ni kuanzia mwishoni mwa Mei, mvua kubwa za masika zinapopungua, hadi Julai. Mbegu zilizosiwa katikati ya masika huchukuliwa na maji, na zilizosiwa katika jua kali la kaskazi, mwezi wa Januari na Februari, huota kwa tabu. Aina ya Kuroda huvumilia joto kuliko Nantes, na ndiyo inayopendekezwa. Mnunuzi aangalie tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti au kopo, kwani mbegu ya karoti huzeeka upesi, hasa ikihifadhiwa penye joto.

Mbegu hizo ni ndogo mno. Gramu moja huwa na mbegu zinazokaribia 800. Zichanganywe na mchanga mkavu laini, zisiwe katika mistari iliyoachana sentimita 20, na zifukiwe kwa kina cha sentimita 1 tu. Karoti haihamishwi kutoka kitaluni. Husiwa pale pale itakapokulia.

Hapa ndipo wengi hupata hasara, kisha wakamlaumu muuza mbegu. Miche huchukua siku 7 hadi 21 kuchomoza, na katika muda wote huo tabaka la juu la udongo halitakiwi kukauka hata mchana mmoja. Likikauka hufanya ukoko, na mche mchanga hufia chini yake bila ya mwenyewe kujua. Inafaa tuta lifunikwe kwa gunia bichi au makuti, na limwagiliwe asubuhi na jioni kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Kifuniko kiondolewe siku ile ile miche ya kwanza inapoonekana. Mtumishi anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi alasiri apange mapema nani atakayemwagilia, au asianze kazi hii.

Miche ikifikia majani matatu au manne, ipunguzwe hadi ibaki mmoja kila baada ya sentimita 5. Kazi hii huwatia watu huruma, na huruma hiyo ndiyo inayowapa mizizi mfano wa vidole vya mtoto. Tuta lililotajwa, likiwa na mistari minne, hubakiwa na miche 240. Hata ikifanikiwa 160 tu, kila mmoja ukiwa na uzito wa gramu 60, mavuno yatakaribia kilo 10.

Baada ya hapo kumwagilia kuwe kwa kiasi kisichobadilika. Tuta likiachwa likauke kisha likaloweshwa sana, karoti hupasuka. Bega la karoti likichomoza nje lifunikwe udongo, vinginevyo jua huligeuza kijani na kulitia uchungu.

Kuvuna huanza baina ya siku ya 75 na ya 100. Mkulima afukue kidogo udongo kando ya shina. Bega likiwa na upana wa sentimita 2 hadi 3, karoti imekuwa tayari. Tuta limwagiliwe kwanza, kisha karoti ing'olewe kwa kushikwa penye kikonyo, ikilegezwa kwa uma wa shamba pale inapobidi. Ikizidishiwa muda ardhini hutengeneza kiini kigumu kama mti. Majani yakatwe mara moja, kwani huendelea kunyonya maji ya mzizi. Asiye na jokofu azihifadhi katika mchanga wenye unyevu, ndani ya ndoo iliyowekwa kivulini.

Mizizi ikionekana na vinundu vinundu, hiyo ni dalili ya minyoo ya udongoni. Tuta hilo lisipandwe karoti msimu ufuatao, wala bamia, nyanya au biringani, ambazo hushambuliwa na minyoo hiyo hiyo. Aidha, mkulima asiache karoti ardhini kwa kutarajia mbegu: mmea huu huhitaji baridi kali ili utoe maua, na Visiwani baridi hiyo haipo, hivyo mbegu hununuliwa kila msimu.