Sarufi Sahihi, Anwani Potovu: Jaribio la Muunganisho wa Hifadhidata

Barabara itokayo Eldoret kupitia Kapseret hufika Mosoriot, ambako mwaka 2001 kumbukumbu za wagonjwa zilianza kuwekwa katika hifadhidata ya kompyuta. Kazi hiyo iliifungulia njia OpenMRS, iliyobuniwa mwaka 2004 kwa lugha ya Java juu ya hifadhidata ya MySQL. Kikusanyi, yaani programu igeuzayo msimbo uweze kuendeshwa, hukagua sarufi. Anwani ya hifadhidata kwacho ni maneno tu, hata ikikosewa herufi. (Mwanaisimu hatashangaa: sentensi sanifu yaweza kumwita asiyekuwapo.) Kosa hujitokeza programu inapoendeshwa, pengine mgonjwa akisubiri. Jaribio lenyewe ni jepesi: programu iliyokwisha kukusanywa hufungua muunganisho, hutuma amri SELECT 1 na kungoja jibu. Hufanywa katika kompyuta ya kliniki yenyewe, kwa kuwa nywila na mtandao wa huko si vya mwandishi wa msimbo.