Mama, mlinde mwanao na ajali za nyumbani

Leo tunazungumza na akina mama, hasa wanaoishi Geita, Kahama na kwingineko kwenye machimbo ya dhahabu. Mtoto wa chini ya miaka mitano hajui hatari. Anachokiona hukishika, anachokishika hukipeleka mdomoni. Mama ndiye anayeshinda naye, hivyo ndiye mlinzi wake wa kwanza.

1. Zebaki
Wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Wengine huichomea nyumbani, hata kwenye jiko la chakula. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mtoto hudhurika zaidi kwa kuwa ubongo wake bado unakua. Hata aliye tumboni humfikia kupitia kondo la nyuma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauwezi kusimama mlangoni kwako. Wewe unaweza.

Zungumza na mumeo kwa upole, ila usiyumbe: zebaki isilale ndani, isichomwe nyumbani, na nguo za kazini zisifuliwe pamoja na za watoto. Ikimwagika, watoe watoto na ufungue madirisha. Usifagie, kwani itatawanyika. Ikusanye kwa karatasi ngumu, uitie kwenye chupa na kuifunga kabisa.

2. Mashimo na maji
Maduara yaliyoachwa hujaa maji wakati wa mvua, na mtoto huyaona kama bwawa la kuchezea. Wanaume wa mtaa wayafukie au wayazungushie uzio. Nyumbani, funika kisima na mapipa. Mtoto mchanga huweza kuzama hata kwenye ndoo. Mama unayekwenda kuponda mawe au kuosha mchanga mwaloni, mwache mtoto kwa mtu mzima, siyo kwa dada yake wa miaka sita.

3. Mafuta ya taa na moto
Usiweke mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto atadhani ni soda. Akiyanywa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali. Jiko la mkaa na sufuria ya uji viwe mahali asipofika. Akiungua, mwagia jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Ndugu zangu, haya si mageni kwetu. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kufunika vyombo na kuzima moto kabla ya kulala. Basi leo usiku, kabla hujalala, zunguka nyumba yako. Inama hadi kimo cha mwanao, uangalie mkono wake unafika wapi. Utakachokiona hapo, kiondoe kabla hakujakucha.

Allah atuhifadhie watoto wetu. Amin.