Moyo Unapoinama Baada ya Kupasuliwa Nyonga

Somo la mwezi huu kwa vikundi vya nyumbani na kwa wote wanaotembelea wagonjwa

Tusome kwanza: 1 Wafalme 19:1-18; Mwanzo 32:22-32; Zaburi ya 42.



Siku hizi si ajabu kusikia kwamba mzee fulani wa Kibaha, au mama fulani wa Kisarawe, amekwenda Dar es Salaam kuwekewa nyonga ya bandia. Upasuaji huu kama tunavyoujua ulianza Uingereza mwaka 1962, kwa kazi ya daktari John Charnley katika hospitali ya Wrightington. Kwetu hapa unafanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kiungo kilichoharibika huondolewa, na mahali pake huwekwa kingine cha chuma na plastiki ngumu. Wanaouhitaji si wazee wenye baridi yabisi tu. Wamo waliovunjika nyonga kwa kuanguka au kwa ajali ya barabarani, na wamo vijana wenye ugonjwa wa selimundu, ambao damu yao huziba njia hata mfupa wa nyonga ukafa.

Upasuaji huu umewaondolea wengi maumivu ya miaka. Lakini kuna jambo ambalo halisemwi sana. Mgonjwa anarudi nyumbani, mguu unapona, kumbe moyo unainama. Hataki kula. Usiku hapati usingizi. Analia bila kujua analilia nini. Anaulizwa, “Mazoezi umefanya?” naye anageukia ukutani. Tena anaona haya, kwa sababu kanisa zima lilimwombea, na sasa anadhani hana shukrani wala imani. Somo hili ni kwa ajili yake, na kwa ajili yetu tunaokaa naye.

1. Huzuni hii inatoka wapi?

Tusikimbilie kusema ni dhambi au ni shetani. Mwili uliopasuliwa umechoka. Damu imepotea, usingizi umekatika kwa maumivu, na dawa kali za maumivu huleta usingizi wa mchana, kichefuchefu na kufunga choo. Mtu asiyelala wala kula vizuri kwa majuma mawili hawezi kuwa na moyo mwepesi.

Pili, mgonjwa amepoteza mamlaka juu ya mwili wake. Katika majuma ya kwanza wengi huambiwa wasiketi chini kiasi cha goti kupita nyonga, wasikunje nne, wasigeuze mguu kwa ndani, ili kiungo kipya kisichomoke. Sasa fikirini maisha yetu. Kigoda ni kifupi, mkeka uko chini, choo ni cha kuchuchumaa. Mama aliyezoea kukuna nazi na kupalilia mihogo mwenyewe, leo anasubiri mkwe wake amsaidie kwenda msalani. Hilo linauma kuliko kidonda.

Tatu, kuna upweke. Juma la kwanza nyumba hujaa wageni. Juma la nne hakuna mtu. Aliyeko vilimani Kisarawe hawezi kuteremka njia ya makorongo kwa magongo, na aliyeko Kibaha anasikia magari ya Barabara ya Morogoro yakipita, naye yuko palepale kitandani.

Nne, kuna hofu: hofu ya kuanguka, hofu ya gharama, hofu ya kuwa mzigo. Hofu humfanya asitembee, kutotembea humdhoofisha, na udhaifu humwongezea hofu.

2. Mungu alivyomtendea Elia

Nabii Elia alikuwa ametoka katika ushindi mkubwa mlimani Karmeli. Baada ya hapo alikwenda jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Angalieni kwamba huzuni yake ilikuja baada ya ushindi. Vivyo hivyo mtu huweza kupasuliwa salama, kisha akainama moyo.

Mungu alifanya nini? Hakumkemea, wala hakumhesabia kuwa hana imani. Kwanza alimwacha alale. Kisha alimletea chakula na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo Elia akapewa nguvu ya safari. Mbele zaidi aliachwa aseme malalamiko yake yote, na mara mbili akayasema yaleyale. Mwishowe alipewa kazi ya kufanya na mwenzake wa kwenda naye, Elisha, akaambiwa pia kwamba hayuko peke yake. Huo ndio utaratibu: usingizi, chakula, mwendo, kusikilizwa, kazi na mwenzi. Sisi mara nyingi tunaanza na mahubiri.

Tumkumbuke na Yakobo. Alishindana usiku kucha, akaguswa kiungo cha paja. Kulipokucha alikuwa na jina jipya na baraka, lakini alichechemea. Kuchechemea hakukuondoa baraka.

3. Mgonjwa afanye nini?

Anywe dawa kama alivyoandikiwa, hata za maumivu, kwa sababu mwenye maumivu hawezi kufanya mazoezi. Ikiwa dawa zinamsumbua, amwambie daktari, asiziache kimyakimya.

Ajiwekee kazi ndogo ya kila siku. Leo kutoka kitandani hadi mlangoni, kesho hadi mwembeni. Afuate kipimo alichopewa na mtaalamu wa viungo. Kwa wengi magongo hutumika kwa majuma kadhaa, na nguvu kamili hurudi polepole kwa miezi, hata mwaka. Akijua hivyo, hatadhani ameshindwa kwa kuwa jirani yake alitembea mapema.

Aamke, aoge, avae nguo za mchana, aketi nje penye mwanga. Apewe kazi anayoiweza akiwa ameketi kwenye kiti kirefu: kuchambua mchele, kusuka ukili, kumsomesha mjukuu. Na anaposali, asimfiche Mungu neno. Mwimbaji wa Zaburi ya 42 aliisemesha nafsi yake iliyoinama mbele za Mungu bila kuona haya.

4. Nyumba na mtaa wafanye nini?

Nyumbani tuinue kitanda kwa matofali yaliyo imara. Tutafute kiti kirefu chenye mikono, na fundi atengeneze kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo. Tuondoe mikeka inayoteleza njiani. Hayo nayo ni dawa ya moyo, kwa sababu yanamrudishia mgonjwa heshima yake.

Tunapomtembelea, tusiseme, “Jipe moyo, wenzako wana shida kubwa zaidi.” Tumwamkie, tukae, tumwulize, “Shikamoo bibi. Leo umefika wapi?” kisha tusikilize. Umoja wa Mama na vijana wagawane siku, ili juma la sita liwe na mgeni kama juma la kwanza. Majirani zetu Waislamu mara nyingi huwa wamefika kabla yetu, tushirikiane nao.

Padre apelekewe habari mapema, ili mgonjwa aletewe Sakramenti nyumbani. Akirudi kanisani, awekewe kiti kirefu, wala asilazimishwe kupiga magoti. Apokee akiwa amesimama au ameketi.

5. Wakati wa kwenda hospitali

Huzuni inayokuja na kuondoka katika majuma ya kwanza ni jambo la kawaida. Lakini ikikaa karibu kila siku kwa majuma mawili, mgonjwa akawa hafurahii chochote, hali wala halali, huo waweza kuwa ugonjwa wa sonona, nao una tiba. Apelekwe kituo cha afya, au Hospitali ya Tumbi kwa walio Kibaha, au Hospitali ya Wilaya kwa walio Kisarawe. Akisema afadhali afe, tusimcheke wala kumkaripia. Tumwulize waziwazi kama anafikiri kujidhuru, tusimwache peke yake, tumpeleke siku hiyohiyo.

Vilevile asicheleweshwe akivimba na kuumwa shavu la mguu, akibanwa na kifua au pumzi, akipata homa, kidonda kikitoa usaha, mguu ukigeuka au kufupika ghafla, au mzee akianza kuchanganyikiwa maneno.

Wapo wanaodhani kwenda kwa daktari kwa ajili ya moyo ni kupungukiwa imani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu tabibu, maana Mungu ndiye aliyemweka. Wazee wetu walilijua hilo. Pale Minaki, wilayani Kisarawe, ambako Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamia kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925, kulikuwa na kanisa, darasa na hospitali. Sala na dawa hazikugombana.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu, ni nani aliyetoka hospitali zaidi ya mwezi mmoja uliopita, na nani alimtembelea juma hili?
2. Mungu alimpa Elia chakula na usingizi kabla ya neno. Sisi huanza na nini tunapomwona mgonjwa?
3. Je, mwenye magongo anaweza kuingia kanisani kwetu, kuketi, na kwenda chooni bila aibu? Kama sivyo, tufanye nini kabla ya mwezi ujao?

Tuombe

Ee Bwana, uliyemlisha Elia jangwani, uwakumbuke ndugu zetu wanaojifunza kutembea upya. Uwape usingizi usiku na ujasiri asubuhi. Utupe sisi miguu ya kuwaendea na masikio ya kuwasikiliza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.