"Explore" si "explode": mbinu za kutenganisha maneno ya Kiingereza yanayofanana

Mtoto anayemaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali hapa kata ya Mwakitolyo amesoma hisabati, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, Fizikia, Bayolojia na Jiografia anazikuta kwa Kiingereza. Mwishoni mwa mwaka wa pili anasubiriwa na Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili. Muda ni mfupi na maneno ni mengi. Maneno marefu ya kutisha atayatafuta kwenye kamusi. Yanayomponza ni yale anayodhani ameshayajua.

Tazama haya matatu: "explain", "explore" na "explode". Kila moja lina herufi saba, na yote yanaanza na e-x-p-l. La kwanza ni kueleza, la pili ni kutafiti, la tatu ni kulipuka. Katika kata kama hii yetu, inayoishi kwa dhahabu, ambako mwamba hupasuliwa kwa baruti, kuchanganya la pili na la tatu kunaweza kugharimu zaidi ya alama za mtihani.

Chanzo cha mkanganyiko huu kinajulikana. Mwaka 1966, Roger Brown na David McNeill wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwasomea wanafunzi maana za maneno adimu na kuwataka wataje neno lenyewe. Waliokwama, huku wakihisi neno liko kwenye ncha ya ulimi, mara nyingi waliweza kutaja herufi yake ya kwanza na idadi ya silabi zake. Maana yake ni kwamba kichwa hushika mapema mwanzo wa neno na urefu wake, na katikati huchelewa. Maneno mawili yakilingana mwanzo na yakilingana urefu, msomaji hana tena cha kushikilia. Anasoma "protest", kuandamana, na kuelewa "protect", kulinda. Dawa yake ni kuzoeza jicho kufika mahali maneno yanapoachana.

1. Anza na makosa yako mwenyewe

Usikae kunakili kamusi. Chukua madaftari yaliyosahihishwa na utafute kila neno ulilolichukua kuwa jingine. Yaandike yote mawili: lililokuwepo na ulilodhani ndilo. Mchimbaji anayejifunza Kiingereza afanye hivyo kwa maneno ya kwenye madumu ya kemikali, mwongozo wa karasha (mashine ya kusaga mawe) au mkataba. Utashangaa jinsi makundi yanavyojirudia: "quite" na "quiet", "examine" na "example", "share", "sharp", "shape" na "shaft", "contain", "contact", "content", "contest" na "control".

2. Usiyasome yote siku moja

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea kwa nia njema. Mwalimu anaandika ubaoni "contain", "content" na "contest" ili wanafunzi waone tofauti, nao wanatoka darasani wakiwa wameyachanganya zaidi. Paul Nation wa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, New Zealand, mmoja wa mabingwa wa ufundishaji wa msamiati, anashauri maneno yanayokaribiana yasifundishwe pamoja kwa mara ya kwanza. Soma "contain" wiki hii mpaka likae. Lete "content" baadaye, wakati la kwanza halitikisiki tena. Kuyalinganisha ni kazi ya mwisho.

3. Zungushia herufi inayoyatenganisha

Ukifika wakati wa kulinganisha, andika neno moja chini ya jingine, herufi chini ya herufi:

e x p l o r e
e x p l o d e

Teremka na kidole, safu baada ya safu. Tano za kwanza ni zilezile. Ya sita ndiyo inayogeuza maana, na ya saba inalingana tena. Zungushia ile ya sita kwa kalamu nyekundu, kisha ipe kumbukumbu yake. Kwenye "explore" iwe r ya ramani, kwa kuwa mtafiti wa madini huhitaji ramani. Kwenye "explode" iwe d ya "danger", onyo tulilolizoea kwenye transfoma za umeme.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni "miner" na "minor". Yote yana herufi tano, mwanzo ni m-i-n, na matamshi yake yanafanana. "Miner" ni mchimbaji, na lile -er la mwisho ndilo lililomo kwenye "teacher", "farmer" na "driver": ni alama ya mtenda kazi. "Minor" ni mtu asiyefikisha umri wa utu uzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza asiyefikisha miaka 18 kuajiriwa mgodini. Kwa hiyo kwa sheria ya Tanzania, "minor" haruhusiwi kuwa "miner". Mwanafunzi akiishika sentensi hiyo, hatayachanganya tena.

4. Liweke neno kwenye kazi yake

Neno lililo peke yake husahaulika. Litungie sentensi fupi kutokana na maisha unayoyaona. "The shaft is deep": duara, yaani shimo la mgodi, ni refu. "We share the money": tunagawana fedha. "The stone is sharp": jiwe ni kali. "This rock contains gold": mwamba huu una dhahabu. Sentensi iwe yako, usiichukue kitabuni. Katika mtihani, ukiwa na shaka, jiulize kama maneno ya jirani yanalikubali neno hilo. Duara linaweza kuwa refu, fedha hugawanwa.

5. Tamka kwa sauti

"Quite" hutamkwa kwa pigo moja, "quiet" kwa mapigo mawili. Ulimi ukizoea, mkono utafuata. Sisi wa ukanda huu tuwe waangalifu zaidi na l na r. "Collect" ni kukusanya na "correct" ni sahihi, na yote yana herufi saba. "Royalty" ni mrabaha, ile sehemu ya thamani ya dhahabu inayokwenda serikalini. "Loyalty" ni uaminifu. Yatamke polepole, moja baada ya jingine, mbele ya mtu anayesikiliza.

6. Jipime kwa kadi

Kata boksi kuukuu uwe na kadi. Upande mmoja andika neno, upande wa pili sentensi yake na maana. Mjerumani Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 mpango ambao bado unafaa, na hapa tumeurahisisha: kadi zote huanzia fungu la kwanza, linalopitiwa kila siku. Ukipatia, kadi inahamia fungu la pili, la kila baada ya siku tatu, kisha la tatu, la kila wiki. Ukikosea, inarudi mwanzo. Hivyo muda wako unaliwa zaidi na maneno magumu.

7. Mchezo uje mwisho

Maneno yakishakaa, mwalimu aandike ubaoni c-o-n na nafasi nne tupu, na darasa litaje yote linaloyajua, kila jibu likiambatana na sentensi. Asiye na sentensi hana alama.

Jihadhari na simu pia. Unapoandika, hukupendekezea maneno kwa kufuata herufi za mwanzo, na ukibonyeza kwa haraka utatuma neno usilolikusudia. Kwenye kamusi vilevile, maneno haya mara nyingi hukaa karibu karibu. Fuata mpaka herufi ya mwisho ndipo usome maana.

Nawe mzazi unayeshinda mwaloni, kwenye kuosha dhahabu, au kwenye karasha, usiseme Kiingereza si chako. Jioni shika kadi, mwambie mwanao akutajie herufi za neno moja moja, nawe ufuatilie kwa kidole. Anayejua kusoma Kiswahili anaweza kazi hiyo. Anza na maneno matano leo.