Maswali na Majibu: Billy Blue Alitoka Jamaica Ipi?

Swali la 1: Billy Blue alikuwa nani?
Jina lake ni William Blue, mtu mweusi aliyekuwa miongoni mwa walowezi wa mwanzo wa Sydney, Australia. Alifikishwa huko Desemba 1801 akiwa mfungwa ndani ya meli ya Minorca. Alipomaliza kifungo akawa mvushaji wa abiria bandarini. Gavana Lachlan Macquarie alimpenda, akampa kazi ya ulinzi wa bandari mwaka 1811, na mwaka 1817 akampa ekari 80 upande wa kaskazini. Sehemu hiyo leo inaitwa Blues Point. Mwaka 1805 alimwoa Elizabeth Williams, mfungwa Mwingereza, wakapata watoto sita. Alifariki mwaka 1834.

Swali la 2: Alifungwa kwa kosa gani?
Wizi wa sukari. Alikuwa akipakua shehena za meli Deptford, kwenye mto Thames. Oktoba 1796 mahakama ya Maidstone, Kent, ikamhukumu miaka saba ya kuhamishwa ng'ambo.

Swali la 3: Kwa nini asili yake inabishaniwa?
Kwa sababu kumbukumbu za wafungwa zinamtaja kuwa Mjamaica, na kulikuwa na Jamaica mbili. Wasomaji wengi hukimbilia kisiwa, wakati huo koloni la Waingereza lenye mashamba ya miwa. Wanasahau mji wa Jamaica uliokuwa New York. Waingereza waliishikilia New York kuanzia 1776 hadi 1783, na watumwa wengi walikimbilia kwao kutafuta uhuru. Kijana wa huko kufika London akiwa baharia si jambo la ajabu.

Swali la 4: Umri wake unasaidia nini?
Hapa ndipo penye alama nyingi za mtihani, kwa hiyo usipite haraka. Kumbukumbu zinampa miaka 29 mwaka 1796, yaani alizaliwa karibu na 1767. Lakini uzeeni alisimulia kwamba aliwahi kupigana Quebec chini ya Jenerali Wolfe, na Wolfe alifia vitani huko Septemba 1759. Mtu hawezi kupigana miaka minane kabla hajazaliwa! Kwa maoni yangu umri wa 1796 una uzito zaidi: mfungwa hakuwa na faida kubwa ya kuudanganya, ilhali mzee anayeomba hisani ya serikali ana sababu ya kurefusha utumishi wake. Hata hivyo karani aliyeuandika umri huo naye huenda alikisia tu kwa kumtazama usoni.

Swali la 5: Watafiti watafute wapi?
Kwenye karatasi za kabla ya 1796. Iko orodha ya 1783 ya watu weusi wapatao 3,000 walioondoka New York pamoja na Waingereza. Jina la Blue lisipokuwemo, hilo halithibitishi kitu. Viko pia vitabu vya mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza, ambavyo tangu miaka ya 1760 viliandika umri na mahali pa kuzaliwa. Mimi ningeanza na hivi. Kumbuka tu kwamba karani wa melini angeweza naye kuandika "Jamaica", akaishia hapo.

Swali la 6: Je, vipimo vya vinasaba vitamaliza ubishi?
La. Mtoto hubeba nusu ya vinasaba vya mzazi, mjukuu robo, kitukuu thumuni, kilembwe sehemu moja ya 16, na huko mbele ni chembe tu. Kromosomu Y hupita kutoka baba kwenda kwa mwana, lakini ukoo ukikatika kwa mabinti, njia hiyo imefungwa. Hata ikipatikana, huenda itaelekeza Afrika tu, na watumwa wa kisiwani na wa New York wote walikuwa na asili ya huko.

Swali la 7: Mtihani ukiuliza "Alizaliwa wapi?" nijibu nini?
Andika: New York ndiko kunakodhaniwa zaidi, lakini hakujathibitishwa. Kisha taja Jamaica zote mbili na ueleze tofauti ya umri. Ukitaja moja peke yake, umepoteza alama.