Chai Kwanza, Ufunguo Baadaye

Haya wadogo zangu, sogeeni. Leo nina ujumbe wa kijana wa Njombe aliyenunua Subaru Impreza WRX, ile yenye turbo. Anasema: "Dada, asubuhi baridi hapa ni kali. Nawasha gari, naliacha lingurume dakika 20 huku nakunywa chai. Jirani ananicheka, yeye la kwake akiwasha tu, anaondoka nalo kwa fujo. Nani yuko sahihi?"

Mdogo wangu, wote wawili mmekosea.

Dakika 20 zilikuwa na maana enzi za kabureta, gari lilipokuwa likizimika mpaka lipate moto. Lako lina kompyuta inayohisi ubaridi wa injini na kuongeza petroli yenyewe. Sasa petroli hiyo ya ziada haiungui yote. Nyingine huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha huteremka na kuchanganyika nayo huko chini. Tena injini isiyobeba mzigo huchelewa kupata moto, na giaboksi ndiyo kwanza imelala.

Tuje kwa jirani. Kesho alfajiri, kabla hujawasha, chomoa kijiti cha kupimia oili uitazame: inateremka kivivu kama uji uliolala. Ndiyo hiyo inayotakiwa kufika kwenye turbo, ambayo ukikanyaga mafuta huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mimi nimejifunza kwa kulipa. Kila nikichelewa kazini, nalikurupusha gari langu likiwa baridi. Siku moja likaanza mluzi na moshi wa buluu. Fundi akafungua, akatikisa kichwa. Turbo imekwisha.

Basi fanya hivi. Washa, funga mkanda, panga vioo, futa ukungu. Mshale wa mizunguko utakuwa umepanda kidogo. Ukianza kushuka, ondoka. Ni dakika moja, mbili zikizidi. Halafu nenda kwa upole, mshale usivuke 3,000, wala usikanyage mafuta kwa nguvu kwenye vilima. Na usidanganywe na geji ya joto: hiyo inapima maji, nayo hufika katikati mapema wakati oili bado iko nyuma. Hesabu dakika 10 hadi 15 za mwendo wa taratibu, ndipo ulifungulie.

Oili yenyewe weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Namba iliyo kabla ya W, kama 5W-30, ikiwa ndogo, oili huwa nyepesi zaidi wakati wa baridi.

La mwisho, na hili sitanii: usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inaua.

Kwa hiyo, mdogo wangu, gari linataka dakika moja tu ya kusubiri. Mguu wako ndio unaotakiwa kuvumilia robo saa. Chai inywe mezani, uimalize, ndipo uchukue ufunguo.